Miezi mitano na hotspoti ya laptopu: inafaa, ila laptopu hailali

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba kubwa hapa Nyegezi, Mwanza. Ruta iko sebuleni kwa mama mwenye nyumba, na kati yake na mimi kuna kuta tatu za tofali na kabati zima la vyombo. Bili tunachangia kila mwezi, kwa hiyo neti ni haki yangu, tatizo haifiki. Simu ikiwa kitandani inaonyesha kamstari kamoja, na hako nako kanapotea ukigeuka ubavu. Laptopu nikiiweka kwenye meza ya dirishani inashika vizuri tu, maana antena zake zimepitishwa pembeni mwa kioo, zina nafasi kuliko za simu.

Nilishaanza kuulizia bei za vile vifaa vya kurefusha mawimbi ndipo mdogo wangu, ninayeishi naye, akaniambia, "Kaka, si uwashe hotspoti ya laptopu?"

Yaani laptopu ishike neti ya ruta, kisha iigawe kwa waifai yake yenyewe. Nikaguna. Mara ya mwisho kuhangaika na hilo nilikuwa chuoni, enzi za Windows 7 na modemu ya USB. Unafungua lile dirisha jeusi, unaandika netsh wlan start hostednetwork, unaingia kwenye sifa za modemu kutiki ruhusa ya kugawa, halafu unaomba Mungu. Ukizima kompyuta, kesho unaandika tena. Waliochoka na amri walipakua programu za bure zilizojaa matangazo mpaka laptopu ikawa inapumua kwa shida.

Kumbe mambo yalishabadilika zamani. Tangu Agosti 2016, Windows 10 ilipotoa toleo la 1607, kitu chenyewe ni swichi moja ndani ya Mipangilio, upande wa mtandao na intaneti. Windows 11 ninayotumia inacho pia. Laptopu inapokea waifai na kuigawa kwa kadi ileile moja ya waifai iliyomo ndani yake, bila waya wala modemu. Inabeba vifaa 8. Jina la mtandao unachagua mwenyewe, na nenosiri pia, ila lisipungue herufi 8. Simu zetu mbili zilikamata papo hapo. Kwenye ruta ya mama hivi vyote vinaonekana kama kifaa kimoja tu, yaani laptopu, kwa hiyo nilimweleza mapema asije akadhani tunamficha kitu. Akasema, "Ilimradi umelipa, mwanangu."

TV ndiyo ilinitoa jasho. Jina la hotspoti halikuonekana kabisa. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha jina, nikailaumu TV. Jioni nzima ikaisha hivyo. Kisa ni bendi, yaani masafa ambayo waifai inarushwa: laptopu ilikuwa imeshika ruta kwa 5 GHz, na hotspoti nayo ikawa inarusha hukohuko, wakati TV yangu ya bei poa inasikia 2.4 GHz peke yake. Kuchagua 2.4 kwenye hotspoti hakukusaidia, kadi yangu ilikataa kukaa bendi mbili kwa wakati mmoja. Ikabidi kwanza laptopu yenyewe niihamishie kwenye mtandao wa 2.4 wa ruta ileile, ndipo TV ikaona. Kama kifaa chako cha zamani hakioni hotspoti, anzia hapo kabla hujatukana mtu.

Kasi inashuka, tena sana. Nikipima kwenye laptopu napata kama megabiti 18 kwa sekunde. Simu inayopitia kwenye laptopu inapata 8, siku nzuri 9. Ni kama daladala ya mlango mmoja, wanaoshuka na wanaopanda hawapiti kwa pamoja. Kadi moja ikipokea kutoka kwa ruta, wa chumbani wanasubiri. Video ya kawaida inakwenda bila kukwama. Mdogo wangu akicheza gemu na wenzake ndipo utasikia kelele.

Halafu kuna kero ya kujizima. Vifaa vyote vikiondoka kwa dakika chache, hotspoti inajifunga yenyewe ili kuokoa chaji. Asubuhi unaamka, simu inasoma bando, na ujumbe umeshaingia kwa hela yako. Palepale kwenye ukurasa wa hotspoti kuna kipengele cha kuokoa nishati, nikakizima. Ukifunika laptopu nayo inalala na kila kitu kinakatika, kwa hiyo nimeiwekea kwamba ikifunikwa isifanye chochote. Matokeo yake inakesha. Feni inazunguka usiku kucha, na chini kuna joto la kuanikia soksi. Kwenye LUKU sijaona tofauti ya kunitisha, lakini betri sidhani kama inanishukuru.

Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai, ruta ya mama inakufa. Siku moja nikajifanya mjanja: nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikanunua bando la GB 3, laptopu ikaanza kugawa hilo. Umeme ukarudi, TV ikawaka, ikaona waifai yake ya siku zote na kuanza kushusha masasisho. Mdogo wangu naye akaweka mpira. Bando halikufika mapumziko. Kosa ni langu, kwa vifaa vya chumbani waifai ni waifai, havijui nyuma yake kuna nini.

Na ukiwasha VPN ya kazini (ile njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi) kwenye laptopu, usidhani simu zitapita humo. Zangu hukosa neti mpaka niizime.

Kifaa cha kurefusha mawimbi sijanunua hadi leo. Ila wiki iliyopita nilikwenda Shinyanga kikazi na laptopu yangu begani. Sijafika hata Misungwi, simu ikaita: "Kaka, waifai umeondoka nayo?"