Kasha la Chuma la Jenereta: Miezi 8 ya Matumizi Mbezi Beach

Jenereta yetu ni ya petroli, ya kVA 5, na injini yake hupozwa kwa hewa. Tuliinunua wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, ikakaa uani ikifunikwa turubai kila wingu lilipotanda. Kasha ninalolitathmini hapa ni la pili. La kwanza lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea aliyeniahidi kwamba majirani wasingesikia chochote, na kwa kweli alijitahidi: alitumia bati nene, akalizungushia sponji ya godoro kwa ndani, akaacha matundu mawili yasiyozidi upana wa kiganja. Dakika 40 baada ya kuwashwa, injini ilianza kukohoa, kisha ikazima, na nilipofungua mlango nilikuta sponji iliyo karibu na bomba la moshi imeanza kuyeyuka.

Fundi hakukosea peke yake, kwa kuwa mimi nilimweleza habari za kelele tu. Injini ndogo ya petroli hugeuza kuwa umeme takriban robo ya nguvu iliyomo katika mafuta, mara nyingi hata pungufu, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo mashine inayoendesha friji, pampu na feni kwa kilowati 2 ni jiko la kilowati 6 au zaidi lililofungiwa ndani ya sanduku. Feni ya injini huvuta hewa upande wa kamba ya kuwashia na kuitupa upande wa silinda. Kasha likikosa njia pana ya kutolea hewa hiyo, mashine hubaki ikivuta joto lake yenyewe.

Mwenye karakana ya pili hakutaja bei mpaka jenereta ilipofikishwa kwake. Aliiwasha, akapitisha kiganja kuizunguka, akawa anachora kwa chaki sakafuni kila mahali alipohisi joto linapigia, na kutokana na michoro hiyo ndipo akapanga luva, yaani matundu yenye vibao vya mshazari: za kuingizia hewa chini upande mmoja, za kutolea upande wa pili zikiwa kubwa zaidi, na kati yake kizuizi cha bati. Bomba la moshi lina njia yake pekee hadi nje. Badala ya sponji aliweka sufi ya mawe, isiyoshika moto, nyuma ya bati lenye vitundu, na luva zote zina wavu dhidi ya panya. Bati ni la geji 16 (kipimo cha unene) lenye zinki, paa lina mteremko, na nililipa shilingi 780,000 pamoja na usafiri.

Matokeo yanaridhisha. Siku yenye nyuzijoto 32, kipimajoto nilichokining'iniza karibu na kamba ya kuwashia, injini inapovutia hewa, kilisoma 38 baada ya saa mbili za kazi. Kelele, kwa kipimo cha simu nikiwa mita 7, ilishuka kutoka desibeli 75 hadi 67. Simu si kifaa cha maabara, lakini jirani yangu naye amekiri kwamba sasa anaisikia taarifa ya habari. Anayetaka ukimya kamili hataupata kwa bati. Ajenge kibanda cha matofali, gharama ambayo kwa mashine ya ukubwa huu naiona haina sababu. Mifuniko ya kitambaa inafaa kwa mashine iliyozimwa tu.

Jambo moja kasha lolote haliwezi kuliondoa ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Madirisha yetu ya nyavu hayafungwi mwaka mzima, kwa hiyo nimeliweka kwenye jukwaa la zege mita 8 kutoka nyumbani, ilhali ushauri wa kawaida ni mita 6 au zaidi. Liko kaskazini mwa nyumba, hivyo kusi ikivuma moshi huondoka. Msimu wa kaskazi hulazimika kufunga madirisha mawili ya upande huo, usumbufu ambao ningeuepuka kama kiwanja kingeruhusu.

Kasoro zipo. Bawaba zilikuwa za chuma cheusi, na kwa chumvi ya bahari zilishika kutu mwezi wa tatu. Nimezibadilisha kwa za stenlesi, zilizopaswa kuwekwa tangu mwanzo. Kasoro kubwa zaidi ni mlango kuwa mmoja, upande usio na kizibo cha kumwagia oili, kiasi kwamba kila ninapobadilisha oili tunaivuta jenereta nje watu wawili. Fundi amekubali kukata mlango wa pili; anasema ni kazi ya nusu siku, na amenitajia shilingi 60,000.