Boksi la poka la wanaoanza: kijitabu safi, ila ukurasa wa poka ya Omaha umenikera

Haya wadau, hili boksi ni la wale ambao poka wanaiona tu kwenye video na hawajui hata nani anaanza. Ndani kuna pakiti mbili za karata, chipu za kubetia za rangi nne, kile kibao cheupe cha dila (kinaonyesha zamu ya kugawa ni ya nani) na kijitabu cha sheria. Jina la kampuni naliacha maana huku chini nina malalamiko na sitaki kesi na mtu 😅

Karata ni za plastiki, zinachanganyika vizuri na zikimwagikiwa maji unafuta maisha yanaendelea. Tatizo ni rangi, pau na shupaza zote nyeusi, kopa na uru zote nyekundu, sawa ndo kawaida ya karata, lakini kwa mtu anayeanza anajikuta anashangilia flashi, yaani karata tano za aina moja, kumbe kati ya pau zake kuna shupaza moja imejificha. Zipo karata za rangi nne, uru bluu na pau kijani, na kwa kuwa wameweka pakiti mbili wangefanya moja iwe hiyo. Chipu nyepesi na hazina namba, mnakubaliana wenyewe nyekundu ni ngapi nyeusi ni ngapi, hilo halinisumbui.

Sasa kijitabu, hapa ndo pesa yako inapoenda kiukweli. Aliyekiandika anajua kufundisha, kwanza hakukimbilia Holdemu, ile poka ya kwenye video, kaanza na poka ya zamani ya kubadilisha karata, kila mtu anapewa tano, mnabeti, unatupa usizozitaka unapewa nyingine, mnabeti tena, mnafunua. Watu wataona ni mchezo wa kizee lakini mi naona ndo njia sahihi kabisa, maana mkono wako wote, yaani karata zako tano, umeushika mwenyewe, hakuna karata za mezani za kukuchanganya, unachojifunza ni kitu kimoja tu, nini kinapiga nini. Jozi, jozi mbili, tatu za namna moja, streti (tano zinazofuatana), flashi, fulu hausi (tatu za namna moja na jozi), nne za namna moja, streti flashi, na royo flashi (streti flashi ya kumi mpaka ree) juu kabisa. Ukizicheza hivyo kwa muda zinakaa kichwani bila kukariri.

Halafu kuna jedwali moja nimelipenda sana. Badala ya kukwambia tu "flashi inapiga streti, basi", wameonyesha kwamba kwenye karata 52 mikono ya karata tano iko 2,598,960, na humo streti ziko 10,200 wakati flashi ni 5,108, jozi moja ya kawaida ni 1,098,240 na royo flashi ni nne tu dunia nzima. Kwa hiyo mpangilio haukutoka hewani, kilicho adimu ndo kinakaa juu. Ukishaelewa hapo hutakaa uulize tena.

Holdemu imeelezwa vizuri mno. Karata mbili mkononi, tano za mezani zinatoka tatu kwa mpigo ndo flopu, kisha moja, kisha ya mwisho ndo riva, na kila hatua kuna kubeti. Blaindi ndogo na kubwa, zile beti za lazima kabla ya kuanza, zimechorwa mezani na mishale, na hata lile jambo ambalo wengi hukosea wameliweka, kwamba mkibaki wawili tu mwenye kibao cha dila ndiye anaweka blaindi ndogo na ndiye anaanza kuamua kabla ya flopu, baada ya flopu anakuwa wa mwisho. Hesabu nayo imo lakini kwa kiasi. Una karata nne za kopa baada ya flopu, zimebaki kopa tisa za kukukamilishia, zidisha kwa nne unapata makadirio ya asilimia 36, na ukweli ni kama asilimia 35 kuipata kabla ya mwisho. Ikibaki karata moja zidisha kwa mbili. Pembeni wakaweka mfano wa bei, mezani kuna 100, jamaa anabeti 50, wewe kukoli, yaani kulipa sawa na yeye, unalipa 50 ili ugombee 200, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau robo ya muda. Ungekuta sehemu nyingine wanalieleza hilo kwa kurasa kumi.

Kinachonishangaza ni kwamba mtu makini hivi kwenye ol-in, yaani kuingiza chipu zako zote, kaandika mistari miwili tu. Na ol-in ndo inaleta kelele mezani kuliko kitu chochote! Mwenye 500 kaingia yote, wawili wenye 2,000 kila mmoja nao wakaingia yote, sasa zinagawanywaje? Chungu kikuu, yaani chipu za katikati zinazogombewa, kinakuwa 1,500, yaani 500 za kila mtu, na hicho ndicho pekee mwenye 500 anaweza kukichukua, zile 3,000 zinazobaki ni chungu cha pembeni cha wale wawili. Kijitabu kinasema "chungu cha pembeni kitatengwa" halafu kimya.

Ila kilichonikera zaidi ni Omaha. Wameandika unapewa karata nne badala ya mbili "na mengine yote ni kama Holdemu". Aisee hapana! Kwenye Omaha lazima utumie mbili kamili za mkononi na tatu kamili za mezani, si moja wala si tatu. Meza yetu ililala kopa nne, jamaa mmoja ana ree ya kopa mkononi, kopa moja tu, kaweka kila kitu katikati na kicheko juu. Kwa Holdemu hiyo ni flashi ya juu kabisa, kwa Omaha hana flashi hata ya kuotea. Aliyekuwa na kopa mbili ndogondogo akadai chungu chake, yule wa ree anamwonyesha kijitabu, "soma hapa bro, kama Holdemu", na kijitabu kinampa haki! Ikabidi tuingie mtandaoni tuamue, mchezo ukapoa. Sentensi moja ingemaliza hayo yote.

Poka iitwayo stadi, ya karata saba, wameipitia haraka, ina maelezo ya kutosha kuchezeka, hakuna karata za mezani, kila mtu ana zake, tatu zimefunikwa na nne wazi. Mi napenda kwamba inakulazimisha uangalie za wenzako, jozi yako ya wafalme haina maana sana kama wafalme wengine wawili wako wazi kwa jirani. Razi ina nusu ukurasa, ni stadi hiyohiyo lakini wa chini ndo anashinda, streti na flashi hazihesabiwi, kwa hiyo mkono bora ni 5-4-3-2 na ree. Wakija wageni wasioijua ni burudani kuwaangalia wakitupa tatu na nne.

Ile poka ya karata 36, inayotolewa mbili mpaka tano, hawakuiweka kabisa, nami nimeisikitikia maana ingeendana na lile jedwali. Zikibaki karata tisa tu za kila aina, flashi inakuwa ngumu kuipata kuliko fulu hausi, ndo maana huko flashi inapiga fulu hausi.

Kwa meza ya watu wanaoanza nalipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya Omaha, ukilinunua chukua kalamu uandike pale pembeni "mbili za mkononi, lazima" kabla hujamgawia mtu karata.