TAHADHARI: Tapeli anayepanga nyumba yako, kisha anaipangisha kwa wengine

Wenye nyumba wenzangu, kuna mtu anazunguka na huenda kesho simu yako ikaita. Kwangu alikuja kama mpangaji. Ameondoka akiwa ameshapangisha nyumba yangu kwa watu saba nisiowajua, na wote wamelipa. Jina alilonipa silitaji, maana kitambulisho alichotumia kimegundulika kina mwenyewe, na mwenyewe huyo naye ameibiwa tu.

Nilikuwa nimeweka tangazo mtandaoni, vyumba viwili na sebule, picha nane. Alipiga jioni ileile. Alikuja kuiona nyumba amependeza, ana adabu, na hakuomba apunguziwe hata kidogo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka! Mpangaji wa kweli hufungua bomba aone maji yanavyotoka, huuliza kama mita ya umeme ni yake peke yake au ya kuchangia, huchungulia dari kama inavuja. Huyu aliuliza mambo mawili tu: funguo ziko seti ngapi, na mimi naishi umbali gani. Nikajibu yote, tena kwa furaha, kwa sababu nyumba ilikuwa tupu miezi miwili na mnajua nyumba tupu inavyokula hela.

Akalipa taslimu kodi ya miezi mitatu pamoja na amana. Siku mbili baadaye akaomba nakala ya bili ya umeme, eti kazini wanataka uthibitisho wa makazi. Bili ina jina langu kamili. Nikampa.

Wiki tatu hazijaisha, Jumamosi asubuhi, jirani ananipigia: "Dada, mbona getini kwako kuna magari mawili ya mizigo na watu wanataka kupigana?" Nimefika, nakuta familia mbili, kila moja imeshika mkataba wenye jina langu kama mwenye nyumba na sahihi ambayo si yangu. Funguo zao zote zinafungua mlango. Hadi jioni walikuwa wametimia saba. Aliwapa wote tarehe moja ya kuhamia ili wasije wakakutana mapema. Ndani kulikuwa na godoro, pazia la sebuleni na viti viwili vya plastiki, basi, vya kuwaonyesha kwamba yuko katika kuhama.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Alichukua picha zangu zilezile, akashusha kodi kidogo, akawaambia kila mmoja kwamba anahamishwa kikazi, wanaoitaka ni wengi, "ukilipa leo nakushikia." Bili yangu ya umeme ndiyo ikawa hati yake ya umiliki. Ile kodi aliyonilipa mimi ulikuwa mtaji.

Kilichoniuma zaidi ni wale watu kuniona mimi ni mwenzake. Mama mmoja alininyooshea ile nakala ya bili, akaniuliza, "Hili si jina lako?" Nilikosa la kusema. Mwishowe tulikwenda kituo cha polisi wote pamoja, mimi na mkataba wangu, wao na mikataba yao na meseji za malipo. Ukikutwa na haya usiwafukuze wala usigombane nao; wao ndio mashahidi wako, na ushahidi wa pesa ziliingia kwenye laini gani wanao wao.

Sasa nimejifunza, kwa gharama. Nikitoa nakala yoyote naiandika katikati, juu ya maandishi yenyewe, tarehe, jina la ninayempa na sababu. Picha za tangazo nazo naziandika nambari yangu ya simu katikati, si pembeni ambako zinakatwa. Wiki ya kwanza lazima nipite, nikishampa mpangaji taarifa, nione kama mtu kweli amehamia. Na wadhamini: nilimpigia "bosi" wa yule tapeli kwa nambari aliyonipa yeye mwenyewe, akapokea mtu akamsifu weee! Nambari ya kazini itafute mwenyewe. Ukitaka kujua tabia ya mpangaji, muulize mwenye nyumba wa zamani zaidi. Mwenye nyumba wake wa sasa anaweza kumsifia ili tu amwondokee (nakiri, hata mimi nimewahi kufanya hivyo).

Vitasa nimebadilisha. Lakini jana usiku nimezikuta picha zangu nane kwenye tangazo jipya, nambari nyingine ya simu, na kodi imeshuka tena. Nimeliripoti, bado lipo. Mkiona sebule ya vigae vyeupe yenye dirisha lenye ufa kwenye kona ya chini kushoto, msitume hata senti, na mniandikie hapa mara moja.