Yunioni ya PVC ya robotatu, na fundi aliyeifunga

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitumia yunioni ya PVC ya robotatu inchi (kiungio cha bomba cha plastiki kinachofungwa na kufunguliwa kwa nati), niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 6,500, katika bomba linalopandisha maji kwenye tangi langu la samaki, na kwa kuwa kuifikia kulinigharimu mafundi wawili na wiki mbili za kupiga deki usiku, naona inastahili kutathminiwa pamoja na huduma iliyoambatana nayo.

Tangi ni la maji ya bahari, lita 300 ukijumlisha na tangi la chini lililofichwa kabatini. Maji hushuka yenyewe hadi huko chini, yakachujwa, kisha pampu ikayarudisha juu. Bomba hilo la kurudishia ndilo lililovuja, kwenye maungio yaliyo juu kidogo ya pampu. Dalili ya kwanza ilikuwa ukoko mweupe wa chumvi uliozunguka ungio kama unga wa chokaa, nami niliufuta mara mbili nikidhani ni marasharasha ya kawaida. Siku ya tatu niliweka bakuli chini yake nikahesabu: tone moja kila sekunde mbili, yaani takriban lita 2 kwa siku.

Anayefuga samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, angeweza kuishi na bakuli hilo kwa muda, lakini katika maji ya chumvi hesabu ni nyingine. Maji yanayopotea kwa mvuke huiacha chumvi nyuma, ndiyo maana kila siku tangi hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Yanayovuja huondoka na chumvi yake, na boya langu la kujazia, ambalo halijui tofauti hiyo, liliendelea kuleta maji baridi kufidia yote mawili. Baada ya siku 10 kipimo kilichokuwa gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji kilikuwa kimeshuka chini ya 33, na matumbawe laini yalikuwa yamejikunja tangu asubuhi.

Fundi wa kwanza sitamzungumzia sana. Alizima pampu, akalifuta ungio kwa tambara, akalipaka silikoni kwa nje, akaniambia limekauka kabisa. Bila shaka lilikuwa limekauka, kwa sababu pampu ikizimwa ungio hilo halina maji yanayolisukuma. Pampu ilipowashwa, silikoni iling'oka kama ganda la yai la kuchemsha kabla hajafika kituo cha daladala. Silikoni hushika kioo vizuri sana, na matangi ya kioo hugundishwa kwayo, lakini kwenye PVC haina mshiko wa kutegemewa, hasa pale penye msukumo wa maji.

Fundi wa pili ndiye ninayemsifu, ingawa tulianza kwa kubishana. Alikuja na yunioni ya shaba ya njano na fungu la katani la kuzungushia nyuzi za bomba, kama ambavyo angekuja kutengeneza bomba la bafuni, na niliponyanyua mkono kumzuia alinishangaa: "Dada, shaba haiozi hata ikae miaka." Nilimweleza kwamba hofu yangu haikuwa kuoza. Ndani ya shaba ya njano mna shaba nyekundu, na madini hayo yakiingia kwenye maji ya bahari, hata kwa kiasi kidogo, huua kamba, konokono na matumbawe; dawa kadhaa za vimelea vya samaki wa baharini zimetengenezwa kwa shaba, na ndiyo maana huwekwa kwenye matangi ya karantini peke yake. Tulikagua pia viungio vya kijani vya PPR, plastiki ya mabomba ya maji, alivyokuwa navyo mfukoni, tukakuta vile vyenye nyuzi za kukazia vina kiini cha shaba kilichopakwa rangi ya fedha. Alikigonga kwa ukucha, akacheka, akavirudisha mfukoni, kisha tukaandamana hadi Kariakoo kutafuta yunioni ya plastiki tupu.

Kazi yake ilikuwa safi. Alikata bomba kwa msumeno wa chuma, akasawazisha ncha kwa msasa, akafuta ndani na nje hadi pakawa pakavu, maana gundi ya PVC huyeyusha uso wa plastiki na kuviunganisha vipande viwe kitu kimoja, na tone la maji lililojificha ndani ya bomba linatosha kuharibu ungio zima. Alipaka pande zote mbili, akasukuma huku akizungusha robo mzunguko, halafu akalishikilia akihesabu kwa sauti hadi 30, kwa sababu bomba lisiposhikiliwa hurudi nyuma kidogo. Kosa lake lilikuwa kutaka kuwasha pampu baada ya nusu saa. Nilikataa, tukaliacha saa 24, na usiku huo tangi likategemea pampu ya hewa juu na nyingine ndogo chini, ili bakteria wa chujio wasikose oksijeni.

Kuhusu yunioni yenyewe, ubora wake uko kwenye oringi nyeusi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyolala katika mfereji kati ya nyuso mbili za plastiki. Nati hukazwa kwa mkono tu. Ukitumia spana unaipinda oringi na uvujaji unarudi. Nimeipaka grisi ya silikoni badala ya Vaseline, kwa kuwa mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha baadhi ya aina za mpira. Faida kubwa ni kwamba sasa naweza kuitoa pampu na kuisafisha bila kukata bomba. Umeme ulipokatika, jambo ambalo hapa Dar es Salaam halihitaji kusubiriwa sana, maji yalirudi chini kwa bomba hilo hadi mdomo wake wa juu ukavuta hewa, na ungio likabaki kavu wakati wa kukatika na wakati wa kuwaka.

Malalamiko yangu ni mawili. Nati ina mbavu fupi mno, na mkono wenye maji ya chumvi huteleza juu yake. Jingine, zito zaidi, ni kwamba oringi haiuzwi peke yake pale nilipoinunulia, wala hakuna maandishi yanayosema ni mpira wa aina gani, hivyo nililazimika kununua yunioni ya pili nzima ili niwe na oringi ya akiba. Kwa bidhaa naipa nyota nne kati ya tano. Fundi nampa tano, na yunioni yake ya shaba ameifunga wiki iliyopita kwenye sinki langu la jikoni, haivuji hata tone.