Night Time ya Killing Joke: muziki umepigwa pasi, gitaa limeachwa na makunyanzi

Waliozoea Killing Joke, bendi ya roki ya Uingereza, ya mwaka 1980, yenye dramu zinazogongwa kama mlango unaovunjwa, huiwekea kinyongo albamu ya Night Time (1985). Wanadai bendi ilikwenda kuitafuta redio. Ilikwenda kweli, tena ilifika: "Love Like Blood" ilipanda hadi nafasi ya 16 Uingereza. La kuuliza ni kipi kilichotolewa kafara.

Si gitaa. Mpiga gitaa Geordie Walker alipiga Gibson ES-295, gitaa lenye uvungu ndani, nyuzi zimelegezwa toni nzima chini ya kawaida. Kwa ulegevu huo na uvungu ule, pigo moja huvuma likaacha mkia mrefu unaoingia ndani ya pigo linalofuata. Ndiyo maana gitaa moja husikika kama matatu. Prodyuza Chris Kimsey, aliyewahi kufanya kazi na Rolling Stones, aliliacha livume. Alichokibana, katika studio za Hansa mjini Berlin, ni vile vinavyolizunguka. Mpiga dramu Paul Ferguson, ambaye zamani alitwanga tomu (zile dramu za mlio mzito) huku na kule, hapa ananyoosha mdundo mtu apate kucheza. Besi ya Paul Raven imesogezwa mbele. Jaz Coleman anaimba zaidi kuliko kufoka.

"Love Like Blood" isikilizwe kwa toleo la albamu, la zaidi ya dakika sita. Utamu wake uko kwenye kurudiarudia: besi inatembea kwa hatua zilezile hadi sikio linaacha kuihesabu, na hapo ndipo gitaa linapouma. Toleo fupi la redio linakuachia kiitikio tu.

Kinanda ndicho cha kulalamikiwa. Kikizidi, kinakaa palepale gitaa linapovumia, na viwili hivyo vinabanana. "Multitudes" inaugua ugonjwa huo kidogo. Albamu iliyofuata, Brighter Than a Thousand Suns (1986), iliugua vibaya: Kimsey alirekodi, lakini kazi ya kuchanganya sauti akapewa Julian Mendelsohn, na gitaa likafunikwa. Michanganyo ya awali ilitolewa 2008. Ukiinunua, tafuta hiyo.

Nyimbo ni nane tu, na "Eighties", singo ya 1984, imewekwa mwisho. Mwenye shaka aanzie hapo, sauti ikiwa juu, kisha arudi mwanzo.