ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha chumvi za damu, maabara ya Mwanga Kigoma

Nilimpeleka bimkubwa maabara moja ya binafsi hapa Mwanga, moyo ulikua unaruka mapigo na usiku misuli ya miguu inakaza, kumbe zile furosemaidi (dawa za kukojoza) anazomeza zinamtoa potasiamu, moja ya hizo chumvi, kwenye mkojo. ECG fasta tu, wanabandika vile vibandiko kifuani unatulia kimya basi. Damu ikasoma potasiamu 2.9 wakati inatakiwa 3.5 mpaka 5. Dokta wa zamu nimemkubali sana, alichukua risiti akachora nyuma yake vimilango vya seli ya moyo, sodiamu inaingia umeme unawaka, potasiamu inatoka seli inajipanga kwa pigo lijalo, sasa ikipungua kwenye damu kule kujipanga kunachelewa na mapigo yanakua ovyo. Akapima na magnesiamu, chumvi nyingine ya damu, maana hiyo ikiwa chini hata umeze vidonge vya potasiamu vipi haipandi vizuri. Ila mtoa damu mh!! Sampuli ya kwanza chembe za damu zilipasuka ikabidi arudie, zikipasuka potasiamu inasoma juu kwa uongo. Foleni nayo haieleweki kabisa. Nawapa nyota nne, nendeni asubuhi.