Urea au samadi?

Kwa nguvu, urea, mbolea ya kiwandani, haina mpinzani: mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea. Kuzipata kwenye samadi, utabeba tani nzima na zaidi, na mgongo utakueleza. Tangu kiwanda cha kwanza cha mbinu ya Haber na Bosch, inayogeuza nitrojeni ya hewani kuwa amonia ya kutengenezea mbolea, kifunguliwe Ujerumani mwaka 1913, mabilioni ya watu wamekula kwa sababu yake. Tusiibeze.

Lakini nitrojeni isiyofyonzwa na mmea huenda wapi? Nyingine husombwa na mvua hadi mtoni. Kwenye Ghuba ya Meksiko, kusini mwa Marekani, ambako mito huifikisha, kila kiangazi mwani hustawi, hufa, huoza na kumaliza oksijeni. Samaki wasioweza kukimbia hufa. Nyingine hugeuka oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Samadi nayo, ikirundikwa ovyo, huchafua maji vilevile.

Ila fumbata udongo uliolishwa samadi miaka kadhaa: mweusi, unamong'onyoka, una minyoo, unashika maji. Urea haijengi udongo huo. Mimi ningetanguliza samadi, kisha urea kidogo kidogo, ikifukiwa karibu na shina.